Dawa mbili zimeshindwa na mtoto bado anaanguka: je, hicho ni kifafa sugu?

Mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, kaniandikia hivi, nimeifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Nina kijana wangu wa miaka 5, alizaliwa akachelewa kulia. Akiwa na miezi 7 akaanza kushtukashtuka, bibi yake akasema ni chango. Alipofika mwaka tukaambiwa kifafa, akaanzishiwa finobabitoni kidonge kimoja usiku, akaendelea nayo hivohivo mpaka mwaka jana wakambadilishia Tegretol, na bado anaanguka mara tatu nne kwa wiki. Kuna wakati anakakamaa mwili mzima, kuna wakati anadondoka tu ghafla, mpaka anaumia uso. Dawa zikiisha hospitali tunasubiri mwisho wa mwezi tukanunue. Jirani kaniambia hicho ni kifafa sugu, hakisikii dawa, nisijisumbue nimpeleke Pangani kuna mzee. Ni kitu gani kinafanya kifafa cha mtoto kiwe sugu? Halafu mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu juzi kapata degedege la homa, naye ndo atakuwa hivohivo?"

Marahaba mama, na pole sana, mara tatu nne kwa wiki sio mchezo. Nitajibu yote mawili lakini nianze na jirani yako, maana alichosema nakisikia sana mjini hapa na hata baadhi yetu watu wa afya tunakitamka kirahisirahisi tu.

Kifafa hakiitwi sugu kwa sababu mtoto anaanguka sana au kwa sababu kimekaa miaka. Mwaka 2010 ILAE, ambacho ndo chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa, kiliweka kipimo chake: mtoto awe ameshatumia dawa mbili, kila moja iwe inafaa kwa aina ya kifafa alichonacho, dozi iwe ya kutosha, aimeze kweli, mwili wake uivumilie, na bado kuanguka kusikome. Dawa iliyoachwa wiki ya pili kwa sababu ilimtoa vipele haihesabiwi, hiyo haikupata nafasi ya kufanya kazi. Na kukoma nako kuna kipimo, ni mwaka mzima bila kuanguka au mara tatu ya ule muda mrefu zaidi aliowahi kukaa salama kabla ya dawa, unachukuliwa ulio mrefu kati ya hiyo miwili. Kwahiyo mtoto akikaa miezi miwili bila tukio tunafurahi ila hatujasema kitu bado.

Kwa nini mbili na sio tano? Kule Glasgow, Uskoti, walifuatilia wagonjwa 470 ambao walikuwa hawajawahi kutumia dawa ya kifafa, majibu yakatoka mwaka 2000: asilimia 47 walitulia kwa dawa ya kwanza, asilimia 14 kwa dawa ya pili au ya tatu, na asilimia 3 tu kwa kuchanganya dawa mbili. Yani ukishapita dawa ya pili uwezekano unashuka vibaya sana. Wale walikuwa na umri wa kuanzia miaka 9 so usizibebe hizo namba kama zilivyo ukamwekea mtoto wa miaka 5, lakini mwelekeo ndo huo. Kwa watoto wenyewe kuna kazi ya Connecticut, Marekani, iliyotoka 2001, walifuatilia watoto zaidi ya 600 tangu walipogundulika na kama mmoja kati ya kumi ndo akaonekana kukataa dawa katika miaka ya mwanzo. Mmoja kati ya kumi ni wachache kuliko watu wanavyodhani, ila kama ni mwanao hiyo hesabu haikusaidii, najua.

Sasa twende kwa kijana wako. Dawa mbili zilizopita, je, kweli zilipata nafasi? Mi nina wasiwasi na zote mbili.

Finobabitoni kidonge kimoja usiku. Kidonge kinachopatikana sana ni cha miligramu 30, na mtoto anatakiwa apate kama miligramu 3 mpaka 5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Alipokuwa na mwaka mmoja na kilo kumi hivi, kidonge kimoja kilikuwa kinagusa ile dozi ya chini kabisa. Alipofika miaka minne akawa na kilo kumi na tano au sita, kidonge ni kilekile, hapo anapata kama miligramu 2 kwa kilo. Mtoto kakua, dawa haikukua, alafu tunasema dawa imeshindwa! Hii naiona kila mara, mtoto anakuja kliniki anaandikiwa "endelea na dawa" na hakuna aliyempandisha kwenye mzani. Kabla ya kitu kingine chochote apimwe uzito na dozi ipigiwe hesabu upya. Usiongeze mwenyewe nyumbani tafadhali, hizo dawa zikizidi zinamlaza mtoto mpaka kupumua kunakuwa kwa shida.

Halafu hiyo ya kusubiri mwisho wa mwezi. Sikulaumu, stoo ikiwa tupu ni tupu, lakini lazima ujue kinachotokea: mwili uliozoea dawa ya kifafa, hasa finobabitoni, ukikatiwa ghafla unaweza kuleta kifafa cha mfululizo, mtoto anaanguka hajazinduka anaanguka tena, na hiyo inaua. Kwahiyo hesabu vidonge vikiwa vimebaki vya wiki mbili ndo uanze kutafuta, usisubiri kopo liwe tupu. Vidonge vya finobabitoni sio vya bei kubwa, ni dawa ya tangu mwaka 1912, tatizo mara nyingi ni kwamba duka la karibu halinayo, so uliza maduka mawili matatu mapema.

Tegretol, yani kabamazepini, hapa shida yangu ni nyingine kabisa. Ni dawa nzuri sana kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, mfano mtoto anaanza kuchezacheza mkono mmoja ndo kinasambaa. Lakini wewe umeniambia kuna wakati anadondoka ghafla, na hilo ndo limenikalisha kitako. Mtoto wa kudondoka ghafla, au wa kuduwaa macho yakiwa wazi sekunde chache, au wa kurukaruka mikono asubuhi, kabamazepini inaweza isimsaidie na wakati mwingine ikazidisha. Kama tangu aanze Tegretol kule kudondoka kumeongezeka, hiyo taarifa ni dhahabu, mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Dawa ambayo kawaida hufikiriwa kwa mtoto mwenye aina zaidi ya moja ni sodiamu valproeti, na huyo ni mvulana wa miaka 5 so yale mambo ya valproeti kumdhuru mtoto aliye tumboni kwa mama anayeitumia hayamhusu, ingawa ini linatakiwa kuangaliwa, akitapika sana au macho yakiwa ya njano mrudishe siku hiyohiyo. Simwandikii dawa kupitia maandishi, nakuambia cha kuuliza.

Kwa hiyo jirani kasema mapema mno. Inawezekana dawa ya kwanza alipewa kidogo na ya pili haikuwa ya aina yake, na hapo kwa kipimo cha 2010 hata moja haijahesabika.

Lakini sitaki nikudanganye upande wa pili, kwa sababu umeuliza vitu vinavyofanya kifafa kiwe sugu na kijana wako anavyo kadhaa.

La kwanza kwa watoto ni umri kilipoanza. Kikianza kabla ya mwaka mmoja, uwezekano wa kukataa dawa ni mkubwa kuliko kikianza akiwa na miaka mitano mpaka tisa, hao wa umri wa shule kwa kawaida ndo wanatulia vizuri. Ubongo wa mtoto mchanga ukianza kupiga moto mapema hivo mara nyingi kuna kitu chini yake, aidha umeumia au ulivyoumbwa hauko sawa au ni jeni. Na hapo tunaingia kwenye la pili, chanzo. Kifafa ambacho picha ya ubongo iko safi na mtoto anacheza na kuongea kama wenzake kina tabia nzuri kuliko kinachotokana na kovu kwenye ubongo. Huku kwetu makovu hayo yanatoka wapi? Kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, kama wa kwako. Manjano kali ya mtoto mchanga iliyoachwa na watu wakasema atatulia kwa jua la asubuhi. Homa ya uti wa mgongo. Kuumia kichwa. Na malaria ya kichwani.

Hii ya malaria ngoja niikazie kidogo maana sisi ni watu wa Tanga. Blantyre, Malawi, walifuatilia watoto 132 waliopona malaria ya kichwani pamoja na wengine 264 ambao hawakuumwa hivyo: 12 kati ya wale 132 walipata kifafa baadaye, kati ya wale 264 hakuna hata mmoja. Waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wale waliokuwa na homa kali sana na waliopata degedege wakati wa ugonjwa. Ndo maana mimi siku hizi nagombana na mtu anayechelewesha mtoto mwenye homa nyumbani. Muheza na Korogwe hapa jirani zetu walishiriki ule utafiti mkubwa wa atesuneti, sindano ya malaria kali, watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, majibu mwaka 2010, na atesuneti ikapunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na kwinini. Hata degedege wakiwa wodini lilikuwa pungufu. Watoto wa mkoa huu wamechangia kitu ambacho dunia nzima inatumia, wengi hatujui.

(Kwa wanaosoma kutoka milima ya Amani na Usambara: kule kuna historia ya usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi, na maeneo yenye usubi mwingi, Mahenge kule Morogoro mojawapo, yamejulikana miaka mingi kwa kifafa cha watoto, pamoja na kile cha kuinamisha kichwa mara kwa mara hasa akiona chakula. Dawa za usubi zikigawiwa kijijini mezeni.)

La tatu ni aina ya kifafa chenyewe, na hapa ndo narudi kwenye lile chango. Mama, mtoto wa miezi mitatu mpaka mwaka anayejikunja ghafla, kichwa na mikono mbele, anaachia, baada ya sekunde chache tena, tena, tena, hasa akitoka kuamka, alafu analia, huyo sio chango. Chango halina mpangilio wa namna hiyo. Hiyo ni aina ya kifafa cha watoto wachanga na ni mbaya kwa sababu inakula akili, mtoto aliyekuwa anacheka anaacha kucheka, aliyekuwa anakaa anaacha kukaa. Tiba yake wala sio finobabitoni, ni dawa za jamii ya steroidi kama predinisoloni, au vigabatrini, na kila wiki inayopita bila tiba inampunguzia mtoto nafasi. Simlaumu bibi, anajua alichofundishwa, na hata zahanati wengi wanaandika gesi tumboni wanatoa maji ya chango mtu anaondoka. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba kijana wako alikuwa na hicho, ila alichelewa kulia, akaanza miezi 7, akawa anashtukashtuka, na sasa ana kukakamaa na kudondoka, huo mlolongo tunaufahamu, mtoto anatoka kwenye kile cha uchanga anaingia kwenye kifafa cha aina nyingi kwa pamoja. Kama ndo hicho basi ni kweli kiko kwenye kundi gumu, na anatakiwa kuonwa na mtaalamu wa mishipa ya fahamu ya watoto mwaka huu huu.

Mengine nayapitia haraka. Kuanguka mara nyingi sana kabla hata ya kuanza dawa. Kuwa na aina zaidi ya moja ya kuanguka. Kuwahi kupata kifafa kilichodumu nusu saa au zaidi. Kuchelewa kutembea na kuongea, au upande mmoja wa mwili kuwa dhaifu. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kikiwa kimechafuka. Na kimoja ambacho kina nguvu kuliko mzazi anavyotegemea: dawa ya kwanza kutofanya kazi kabisa, namaanisha ikiwa imetolewa kwa dozi kamili, sio ile ya kidonge kimoja miaka yote. Jeni pia zipo, mfano kuna watoto ambao degedege la homa lilianza miezi sita hivi, la upande mmoja, refu, linarudi hata akiogeshwa maji ya moto tu, hao wakipewa kabamazepini au fenitoini wanaharibika zaidi. Na mvue nguo umkague ngozi, mabaka meupe kadhaa ya umbo la jani yaliyokuwepo tangu kuzaliwa muonyeshe daktari, yanaweza kuwa ndo jibu la chanzo.

Kuna vitu ambavyo havimo humo na watu wanaviweka: mwezi mpevu, povu kumgusa mtu, bahari, jicho la mtu. Kuhusu mzee wa Pangani, mi siwezi kukukataza dua wala kombe, mpeleke ukipenda. Ninachokataa ni mawili, asimfukize mtoto moshi wakati ameanguka na asikwambie uache vidonge. Watoto wawili watatu wa namna hiyo ukiwaona wanaletwa usiku, miili ya moto, wanaanguka mfululizo kwa sababu dawa zimeachwa siku nne, hutatamani kusikia tena habari ya kuacha ghafla.

Kama mtoto anatumia pia dawa za kifua kikuu au ARV mwambie daktari, rifampisini inashusha nguvu ya dawa nyingi za kifafa, na finobabitoni, fenitoini na kabamazepini zenyewe zinashusha nguvu ya baadhi ya ARV. Na wale wenye watoto wakubwa wanaofunga Ramadhani, kabamazepini ya mara mbili inaweza kupangwa futari na daku ila muongee na daktari kabla mwezi haujaandama, na kukesha tu peke yake kunaangusha hata mtoto ambaye dawa imemkubali.

Ufanye nini wiki hii. Chukua simu, mrekodi akianguka, aina zote mbili, hakikisha uso na mikono inaonekana, ile video ya dakika moja inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa na inasaidia pia kujua kama kila tukio ni kifafa kweli, maana wapo watoto wanaozimia kwa kulia sana wakashika pumzi, wanapewa dawa za kifafa miaka, hazifanyi kazi, nao wanaitwa sugu. Daftari la shule, andika tarehe, saa, aina, na kama alimeza dawa siku hiyo. Nenda navyo hospitali ya Bombo, kliniki ya watoto, pamoja na makopo ya dawa yenyewe, sio kwa kukumbuka majina. Omba vitu vitatu: apimwe uzito na dozi ihesabiwe, waangalie kama Tegretol inafaa kwa huko kudondoka, na kama dawa inayofaa kwa dozi kamili nayo ikishindwa, au daktari akiona ni kile kilichotokana na cha uchanga, basi akuandikie rufaa ya hospitali ya KCMC Moshi au Muhimbili kwa ajili ya EEG na picha ya MRI. Usikubali kuongezewa dawa ya tatu na ya nne juu ya hizo bila mtu kuuliza chanzo ni nini, matokeo yake mtoto anakuwa anasinzia siku nzima na kuanguka kuko palepale.

Kikionekana sugu kweli bado kuna njia. Kuna lishe maalum ya mafuta mengi na wanga kidogo sana, imetumika tangu miaka ya 1920, inasaidia watoto wengi wa namna hii ila ni lazima isimamiwe na hospitali, sio kuacha ugali ukampa mtoto nazi na samaki ukasema umeanza. Na upasuaji upo kwa wale ambao picha inaonyesha kovu sehemu moja tu. Wakati mnasubiri mtafutie kofia ngumu, hata ya baiskeli, aivae akicheza, na asiogelee wala kukaa karibu na jiko la mkaa bila mtu mzima.

Mdogo wake sasa. Degedege la homa kati ya miezi 6 na miaka 5 ni la kawaida, watoto wawili mpaka watano kati ya mia wanalipata. Kama lilikuwa la mwili mzima, halikufika dakika 15, halikurudi ndani ya saa 24, na kabla ya hapo alikuwa anakua vizuri, nafasi yake ya kuja kuwa na kifafa ni kama mmoja au wawili kati ya mia. Kama kijana wako mkubwa kaumia wakati wa kuzaliwa, hilo sio la kurithi na mdogo wake halimfuati. Nitabadilisha maneno yangu kama degedege lake lilikuwa la upande mmoja au refu au limejirudia siku hiyohiyo, hapo niandikie tena na umpeleke akaonwe. Homa yoyote apimwe malaria siku hiyohiyo. Likimshika tena, na hii ni kwa wote wawili, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, angalia saa, ikipita dakika tano bado anakakamaa usisubiri liishe, chukua bodaboda au bajaji mkimbie hospitali, kuna dawa ya diazepamu inawekwa njia ya haja kubwa, mara nyingi inakata upesi, na ukifika mwambie nesi mlangoni "anaanguka sasa hivi" usikae foleni.